Ovaroli Haziendi Nyumbani

Watu wakisikia nimestaafu wananitazama kichwani kutafuta mvi. Hawazioni. Nina miaka thelathini na mbili, watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya, na nimeacha kazi kwa sababu mwenye shamba alitangaza kupunguza watu, nami nikainua mkono kabla jina langu halijasomwa. Miaka kumi na miwili nimeshona nguo za watu wanaopiga dawa kwenye mahindi. Ukifanya kazi moja muda huo, halafu ukaondoka na vidole vyako vyote kumi, huko ni kustaafu. Anayetaka kubisha anikute Milanzi, Sumbawanga, kwenye kibanda changu cha cherehani, tubishane huku ananishikia pindo.

Haya nawaandikia Odilia na Krisensia, mliobaki kwenye chumba cha kushonea, na wengine watakaowafuata. Habari za mishahara sina. Habari za kupanda cheo sina pia. Chumba chetu kilikuwa na ngazi moja tu, ile ya kuingilia mlangoni, na kila mtu aliyeipanda aliishia palepale kwenye kiti.

Nilipoanza, shamba lilikuwa bado la serikali. Ni hilihili shamba la mbegu, upande wa Pito, ila ukuta ulikuwa na rangi nyingine na mlango haukuwa na mlinzi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikuwa na cha kujivunia, mtoto wa miezi minne mgongoni, na mume, Fidelisi, ambaye alikuwa mmoja wa wapiga dawa. Yeye ndiye aliyesikia kwamba fundi wa ovaroli anatafuta msaidizi anayejua kusoma vipimo. Nikaenda asubuhi na mapema, baridi ile ya kwetu inauma masikio, Tumaini wangu amefungwa kanga mbili na sweta.

Fundi alikuwa Mzee Desideri. Alijifunza ushonaji misheni, akashona kanzu za mapadri kwa miaka mingi, na mpaka anazeeka alikuwa akikata kola ya ovaroli kama vile itavaliwa madhabahuni. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanipa vipande viwili vya kitambaa na kuniambia nitoke nje nivinyanyue juani, kimoja kimoja.

Cha kwanza kilikuwa marekani, ile pamba nyeupe nyepesi. Akauliza kutoka ndani, "Unaona nini?"

"Kitambaa, baba."

"Tazama tena."

Nikatazama. "Naona jua."

"Basi na dawa inakuona wewe. Leta cha pili."

Cha pili kilikuwa kaki nzito, ile yenye mistari ya mshazari, nyuzi zimebanana mpaka kucha haipiti. Sikuona jua. Nikaajiriwa hapo hapo, kama ndiyo kuajiriwa, maana alichosema ni kwamba mtoto alale kwenye kapu la vitambaa vipya, si la vitambaa vilivyotumika.

Sikuuliza kwa nini. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nyie msilirudie. Ukiambiwa jambo na mtu aliyekutangulia, uliza sababu. Wazee wengine wanafundisha kama wanaonunua maneno dukani.

Mwaka ule wa kwanza nilijifunza mambo ambayo sasa mnayaona ya kawaida. Ovaroli haina mfuko kifuani, kwa sababu mfuko ni kikombe. Dawa ikimwagika inatua humo, na aliye na tumbaku anaitia humohumo. Mshono wa mbele usipite katikati ya kifua, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango. Miguu ya suruali inakaa nje ya gambuti. Vijana wanapenda kuchomeka ndani waonekane kama askari, halafu dawa inateremka kwenye suruali, inaingia kwenye buti, na mtu anashinda amelowekwa nyayo kama maharage. Anayechanganya dawa anavaa aproni ya plastiki juu ya ovaroli, kwa sababu yeye anashika ile kali ambayo haijatiwa maji.

Kuhusu plastiki. Kila mgeni anayekuja shambani anauliza kwa nini tusishone suti nzima ya nailoni, hakuna kitakachopita. Kweli, hakuna kinachopita, hata jasho. Tulijaribu. Saa nne jua linapanda, mtu anafungua vifungo. Saa tano amevua mikono na kuifunga kiunoni. Saa sita anapiga dawa akiwa na singlendi. Nguo nzuri kuliko zote iliyofungwa kiunoni inakinga kiuno. Mzee Desideri alikuwa akisema, shona nguo ambayo mtu ataivumilia mpaka saa nane, siyo nguo utakayoisifia wewe.

Sasa nifike nisipopenda kufika.

Msimu wangu wa pili, mvua zilikuja na baridi kali. Wale mnaotoka bondeni Rukwa mnadhani tunatia chumvi, lakini uwanda wetu ukinyesha asubuhi, mtu anaongea na moshi unamtoka mdomoni. Fidelisi akawa anatetemeka kila anapovaa ovaroli yake ya kaki. Wakati huo mitumba ndiyo imeingia sokoni kwa fujo, kila kitu ruksa, makoti ya sufu ya Wazungu yamelala juu ya maturubai, unachagua. Nikanunua koti moja zito. Mzee Desideri alikuwa amekwenda kwao msibani. Nikalifumua lile koti, nikalishonea ndani ya ovaroli ya mume wangu, kifua, mgongo na mapaja. Kazi safi. Sijawahi kushona bitana iliyokaa vizuri vile. Nilifikiri, kama kaki moja inazuia, kaki na sufu itazuia mara mbili, na mume wangu atapata joto.

Alivaa siku tatu na kunisifia kwa wenzake. Siku ya nne walipiga dawa ya funza wa mabua, na bomba lake la mgongoni lilikuwa linavuja kwenye kifuniko, kama yalivyovuja mabomba yote. Alirudi nyumbani mchana, anatokwa jasho na huku anasema anasikia baridi. Nikamkalisha karibu na moto na ovaroli yake mwilini, nikamwongezea blanketi juu. Mate yakawa yanamtoka kama mtoto anayeota meno. Jirani yetu Mama Kulwa alikuwa mke wa Masanja, mpiga dawa mwenzake Fidelisi; wao ni Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Akaja mbio na kibuyu cha maziwa, maana kila mtu anajua sumu dawa yake maziwa. Tukamnywesha. Akatapika. Tukamnywesha tena.

Masanja ndiye aliyeleta trekta. Hospitalini muuguzi alimfunulia macho, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano. Hakuuliza amekula nini. Alichukua mkasi akaanza kukata ile ovaroli, na alipofika kwenye bitana akasimama, akaiminya kwa mkono wenye glovu. Ikatoa maji.

"Nani alimvisha hili?"

"Mimi. Ana siku nne nayo."

"Limenyonya dawa siku nne na kumbana nayo ngozini. Maziwa hayaoshi ngozi, mama. Sabuni ndiyo inaosha." Alikuwa anaongea huku anafanya kazi, bila ukali, na hilo lilinichoma zaidi. Wakamwosha, wakamchoma sindano, na wakati tunangoja akaniuliza swali lingine. "Nguo hii huwa unaifulia wapi?"

"Nyumbani."

"Kwenye nini?"

"Beseni."

"Na mtoto unamwogeshea wapi?"

Tumaini alikuwa mgongoni. Alikuwa na vipele mgongoni na makalioni kwa miezi, ambavyo sote tulivisingizia joto. Joto, Sumbawanga. Beseni lilikuwa moja.

Fidelisi alipona. Mkono wake wa kushoto ulichukua muda kutulia, lakini alipona, na vipele vya mtoto vikaisha mwezi uleule niliotupa lile beseni. Hasira yangu haikuisha. Watu husema mimi ni mkali. Wanasahau kwamba zamani nilikuwa mpole sana. Nilikuwa na hasira na bomba, na shamba, na wale wanaouza dawa sokoni kwenye chupa za soda bila karatasi, na mtu aliyenifundisha mambo bila sababu zake. Zaidi ya wote nilikuwa na hasira na fundi mwenye bitana nzuri.

Mzee Desideri aliporudi nilimpigia kelele. Mimi, mtoto mdogo, kwa mzee yule. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Aliketi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hajui sababu zote, yeye alijua tu kwamba kizito si kinga, na kwamba wapiga dawa aliowashonea makoti zamani hawakukaa kazini muda mrefu. "Mimi nimesoma darasa la nne," akasema. "Wewe umesoma mpaka kidato cha nne. Sababu zitafute wewe, halafu unieleze na mimi."

Basi nikazitafuta. Maabara yangu ilikuwa daftari la mtoto wa shule na kichupa cha wino. Unatandika kitambaa juu ya karatasi nyeupe, unadondosha wino uliochanganywa na maji, unangoja, unafunua. Marekani: doa papo hapo. Sufu: hakuna doa mwanzoni, unafurahi, kisha ukiibonyeza kwa kidole, kama mkanda wa bomba unavyobonyeza bega, wino wote unashuka. Tetroni, kitambaa kile kisicho cha pamba: maji yanateleza juu kama kwenye jani la gimbi, lakini yakipata upenyo hayana pa kushikwa, yanapita moja kwa moja. Kaki ya mshazari ilivishinda vyote. Na kaki iliyotiwa wanga ikaishinda kaki.

Wanga niliupata kwa bahati. Nilikuwa napiga pasi sare ya mtoto wa jirani, nimeitia uji mwepesi wa muhogo kama tunavyofanya wote ili ikae imesimama, wino ukanidondokea. Nikajua nimeharibu nguo ya watu. Nilipoifua, doa likatoka pamoja na wanga, kama vile lilikuwa limekaa juu ya meza na mtu amekunja kitambaa cha meza. Nikarudia kwenye kaki, mara nyingi. Dawa inashikwa na wanga, wanga unatoka na maji ya moto na sabuni ya mche, na nguo inabaki. Nikamweleza Mzee Desideri. Alivuta pumzi akasema, mapadri walidhani wanatia wanga kwa ajili ya Mungu.

Tangu hapo ndiyo ukaja utaratibu mnaoujua. Karo la kufulia nyuma ya stoo, pipa la maji ya moto, kila ovaroli inafuliwa shambani kila jioni, maji matatu, inaanikwa juani, inatiwa wanga upya. Kila mmoja ana msumari wake wenye namba. Mtu anafika na nguo za nyumbani, anaoga, anaondoka na nguo za nyumbani. Ovaroli haziendi nyumbani. Niliiandika kwa rangi juu ya mlango, na meneja wa wakati ule, ambaye hakupenda kelele, aliona ni rahisi kuniacha kuliko kunizuia.

Halafu shamba likauzwa. Soko huria lilitufikia na sisi.

Mwenye shamba mpya hakuwa mtu mbaya, naliandika hili kwa sababu najua mtalisoma kwa sauti akiwa karibu. Alikuwa kijana, ametoka mbali, anavaa shati jeupe kila siku, na kila mtu akamwita Bosi. Alikuja na mke na binti mdogo anayejifunza kutembea, wakakaa nyumba ya meneja palepale shambani. Mzee Desideri alikuwa ameshakwenda kupumzika kwao, ameniachia chaki na mkasi. Bosi akapita chumbani kwangu, akatazama majora ya kaki, karo, pipa, kuni, akauliza kwa nini shamba linafulia watu wazima nguo zao. Wiki iliyofuata yakashuka mabelo mawili ya mitumba kutoka kwenye lori. Makoti. Kila mpiga dawa apewe lake, zito, la kukinga dawa na baridi pamoja, akalifue kwake.

Nilipokwenda kupinga nikakuta wapiga dawa wenyewe wameshajipanga foleni. Hapo nyie mngefanya nini? Koti la bure, Sumbawanga, na masika yanaingia. Masanja, yuleyule aliyeleta trekta, alikuwa mbele kabisa anachagua lenye kola ya manyoya.

"Shemeji," nikamwambia, "umesahau?"

"Sijasahau, Mama Tumaini. Lakini lile la Fidelisi lilikuwa la ndani. Hili ni la nje."

Wakacheka. Mwingine akasema fundi anaona wivu, koti la Mzungu limemnyang'anya kazi. Nilikuwa naona nyumba zao moja moja, nami nilizijua zote: nani ana kichanga, nani ana beseni moja.

Nikaenda kwa Bosi, na sikwenda kwa upole. Nikamwambia avae koti hilo asubuhi moja, abebe bomba lenye maji na bluu ya kufulia, apite mistari kumi ya mahindi. Masanja avae ovaroli yangu ya wanga, abebe bomba kama lile, mistari kumi. Wote wawili wavae mashati meupe ndani. Likishinda koti, mimi mwenyewe nitabomoa karo. Akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza, na kijana mwenye shati jeupe hawezi kumkatalia mwanamke mwenye mtoto mgongoni mbele ya foleni.

Fidelisi ndiye aliyejaza mabomba. Aliyachagua kwa haki, yote mawili yanavuja. Bosi aliingia shambani anatembea kama bwana harusi, koti limefungwa mpaka kidevuni. Masanja alimfuata amenuna, maana alikuwa anaona baridi. Mahindi yalikuwa yanafika kifuani, yameloa umande. Mstari wa kwanza Bosi alikuwa anaongea. Wa sita alikuwa anahema tu. Wa nane akawa anapandisha mabega kurekebisha mkanda, na mimi nikasema moyoni, bonyeza, baba, bonyeza tu.

Walipotoka tukawavua mbele ya karo. Masanja alikuwa na doa moja la bluu kwenye kifundo cha mkono, alipokuwa amekunja mkono wa nguo, na nikamgombeza kwa hilo. Bosi alifungua koti mwenyewe. Koti kwa nje halikuonyesha kitu. Shati lilikuwa la bluu mgongoni kote, mabegani alama za mkanda zimejichora kama mistari ya daftari, na mbele mpaka tumboni. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo sikulitegemea. Nikafua nguo zote mbili hapohapo. Maji ya tatu ya ovaroli yalitoka meupe. Ya koti bado yalikuwa ya bluu nilipochoka kubadilisha.

Bosi akawa anajiangalia mikono iliyojaa bluu. Ndipo binti yake akatokea kwenye kona ya stoo, amemponyoka mama yake, anakuja kwa miguu ile isiyojua kusimama, mikono juu. Anataka kubebwa.

Ilikuwa bluu ya kufulia. Alijua ni bluu, aliiona ikikorogwa. Lakini alirudi nyuma. Alinyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa asimguse, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta, na mtoto akamshika mguu wa suruali, akaanza kulia.

"Mchukue," akaniambia. "Mama Tumaini, mchukue, tafadhali."

Nikamchukua.

Masanja alikuwa wa kwanza kurudisha koti. Aliitazama ile kola ya manyoya kwa huzuni ya kweli, akaliweka juu ya belo. Yale mengine Bosi aliwaacha watu wayachukue kwa masharti kwamba ni ya kuvaa kanisani na sokoni, na asionekane mtu nalo karibu na bomba. Karo likabaki. Pipa likabaki. Kuni anazilalamikia mpaka leo, mwacheni alalamike, ndiyo kazi ya mwenye mali.

Kwa hiyo naondoka nimeridhika, hata kama sura yangu haionyeshi. Odilia, mkono wako wa kukata ni mzuri lakini unapenda mifuko; acha. Krisensia, uji wa wanga uuchuje, mabonge yakibaki yanapasuka goti likikunjwa. Jora likija, lipelekeni juani kabla hamjalipokea. Na msifundishe mtu jambo bila sababu yake.

Siku ya kuniaga mlinipa zawadi, nakumbuka: ovaroli mpya ya kaki, haijavaliwa na mtu, haijasogelea dawa, imetiwa wanga mpaka inasimama yenyewe, jina langu limetariziwa kwenye kola. Mlishona vizuri kuliko nilivyowafundisha. Mkashangaa nilipoikunjua, nikaitazama juani, nikaitundika kwenye msumari usio na namba na kubeba mtoto wangu. Mlidhani nimekasirika.

Someni juu ya mlango.